Oili ya giaboksi, chupa ya soda na mtoto wa miaka miwili

Asubuhi ya Jumapili, chini ya mwembe, gari imenyanyuliwa gurudumu moja kwa jeki. Baba amelala chali juu ya kipande cha mkeka chakavu, spana mkononi. Pembeni yake kuna beseni la kukingia oili chafu, kopo la mafuta ya taa la kusafishia bolti, chupa ya plastiki iliyokatwa kitako ikawa faneli, na chupa mbili za soda ambazo hazikukatwa. Moja ina oili mpya aliyopimiwa dukani. Ya pili ni tupu, inangoja oili ya zamani. Mtoto wa miaka miwili anazunguka hapo hapo na jua limeshaanza kuwaka. Mama yuko jikoni anakuna nazi, moyo wake umetulia kwa sababu mtoto yuko na baba yake.

Si picha ya nyumba moja. Kisiwani Pemba, ambako fundi wa karibu mara nyingi ni baba mwenyewe au kijana wa jirani, oili hubadilishwa uani, si gereji tu. Ni kazi inayookoa pesa na haihitaji vifaa vingi. Lakini ndani ya nusu saa hiyo makosa mawili makubwa yanaweza kutokea, na yote mawili huanzia kwenye chupa: oili isiyo sahihi kuingia ndani ya giaboksi, na kitu kisicho cha kunywa kuingia mdomoni mwa mtoto.

Kosa la kwanza linaweza kuonekana la mafundi tu, lisilofaa kuchukua nafasi katika ukurasa wa familia. Hata hivyo, katika shehia nyingi gari ya jirani ndiyo inayoamshwa usiku wa manane mjamzito anaposhikwa na uchungu, au mtoto anapopandwa na homa kali. Giaboksi inayokataa kuingia gia kwenye mlima kati ya kijiji na hospitali si hasara ya mwenye gari peke yake.

Boksi moja, kazi mbili

Gari nyingi ndogo za familia, Vitz, IST, Probox na jamaa zake, huvutwa na magurudumu ya mbele. Ukichungulia chini yake huoni shafti ndefu inayokwenda nyuma wala lile bonge la difu katikati ya ekseli kama kwenye Hiace. Giaboksi na difu vimo ndani ya boksi moja lililofungwa ubavuni mwa injini. Kitaalamu boksi hilo huitwa transaksili. Katika gari nyingi za namna hiyo oili ni moja: hiyo hiyo inalainisha gia za kubadilishia mwendo na hiyo hiyo inalainisha gia za difu zinazogawa nguvu kwa magurudumu. Ikikosewa, vyote viwili vinaumia.

Mpango huo ni wa miaka mingi. Volkswagen Beetle, ile gari ya mgongo kama wa kobe, ilikuwa nao, ila injini yake ilikaa nyuma. Ni Beetle iliyowapa ushindi Vic Preston na D. P. Marwaha katika mashindano ya Safari ya 1954, mwaka mmoja tu baada ya mashindano hayo kuanzishwa kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ndugu yake wa mbio, Porsche 911, naye alirithi giaboksi na difu ndani ya boksi moja huko nyuma. Alikaribia kuichukua Safari: Björn Waldegård alimaliza wa pili mwaka 1974, na Vic Preston mdogo akamaliza wa pili mwaka 1978.

Wanaozitunza gari hizo za zamani hadi leo hawaachi kubishana juu ya oili ya giaboksi. Mtu anaweza kudhani ni ubishi wa matajiri wasio na kazi. Kumbe ubishi wenyewe unamhusu moja kwa moja mwenye Probox ya gia za mkono wa Konde au Kengeja, kwa sababu kilichomo ndani ya boksi hakitofautiani sana.

"Nipe oili ya gia"

Maneno hayo manne, yakisemwa dukani bila nyongeza, ndiyo chanzo cha hasara nyingi. Muuzaji aliyezoea kuhudumia Hiace na lori atatoa kile anachouza kila siku: oili nzito namba 90 au 140. Kwa difu ya Hiace namba 90 inaweza kuwa sahihi kabisa. Kwa Vitz ya otomatiki ni balaa.

Jambo la kwanza ni kuhesabu pedeli. Zikiwa tatu, yaani kuna klachi, giaboksi ni ya mkono na inataka oili ya gia. Zikiwa mbili, ni otomatiki, na otomatiki nazo ziko za aina mbili. Ile ya kawaida utaisikia ikibadilisha gia kwa hatua unapoongeza mwendo. Ile inayoitwa CVT haina hatua. Mlio wa injini hupanda kwa mfululizo kama pikipiki ya skuta. Otomatiki ya kawaida hutumia oili yake, mara nyingi nyekundu, na hata hiyo ina aina zake: Toyota nyingi za miaka ya 2000 zilitaka T-IV, zilizofuata zikataka WS. Ukichomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, mara nyingi utakuta jina limeandikwa hapo hapo kwenye chuma.

CVT ndiyo yenye masharti makali kuliko zote. Ndani yake kuna mkanda wa chuma unaokamatwa kati ya puli mbili. Oili yake haina kazi ya kulainisha tu. Inatakiwa pia imsaidie puli aushike mkanda usiteleze. Ukiitia oili nyekundu ya otomatiki ya kawaida, mkanda unaanza kuteleza, chuma kinalika, na muda si mrefu gari inanguruma bila kwenda. Hapo hakuna tena marekebisho ya uani, ni kutafuta giaboksi nyingine.

Kwa wenye klachi, kopo lina maandishi mawili ya kusoma. La kwanza ni uzito, mfano 75W-90. Namba iliyo pamoja na herufi W inahusu oili ikiwa baridi, ya pili inahusu oili ikiwa imepata moto wa kazi. Watu wengi wanashtuka kuona 90 wakilinganisha na 40 ya injini, wakadhani ni nzito mara mbili. Sivyo. Vipimo vya oili ya gia vina ngazi yake tofauti. Oili ya gia namba 90 inakaribiana kwa uzito na oili ya injini namba 40 au 50.

Maandishi ya pili ndiyo yanayopuuzwa: GL-4 au GL-5. Ni madaraja ya Taasisi ya Petroli ya Marekani yanayoonyesha oili inaweza kuhimili msuguano na mkandamizo kiasi gani. GL-5 ina viungo vingi zaidi vya salfa na fosforasi, ndiyo maana harufu yake inachoma pua kama yai viza. Viungo hivyo hutengeneza ngozi nyembamba juu ya chuma ili meno ya gia yasisagane. Difu ya nyuma ya Hiace inavihitaji sana, kwa kuwa gia zake hukutana kwa mshazari, meno yanakandamizana na kuteleza kwa wakati mmoja.

Lakini ndani ya giaboksi za mkono mna pete za shaba ya manjano ambazo kazi yake ni kusawazisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, ili dereva abadilishe bila kusikia mkwaruzo. Kuna viungo vya salfa ambavyo, vikipata joto, hula shaba hiyo polepole. Vilevile oili inayoteleza kupita kiasi huzinyima pete hizo msuguano zinaouhitaji ili zifanye kazi. Huo ndio ubishi wa wenye Porsche na Beetle, na jibu lake kwa gari ya familia ni rahisi kuliko ubishi wenyewe. Kitabu cha gari kikisema GL-4, nunua GL-4. Kikisema GL-4 au GL-5, yoyote kati ya hizo inafaa. Kikisema GL-5 peke yake, usishuke. Namba kubwa haina maana ya oili bora, ni oili ya kazi nyingine.

Kuna na ile imani kwamba Pemba ni joto, kwa hiyo tuweke 140. Joto la kisiwani si kitu mbele ya joto la ndani ya giaboksi lenyewe. Oili nzito mno inazichelewesha zile pete za shaba, gia zinakuwa ngumu asubuhi, na dereva anaanza kulazimisha kwa nguvu ya mkono. Kinachowavutia baadhi ya watu ni kwamba 140 hupunguza kelele za giaboksi iliyochoka, na kelele zikipungua gari inauzika. Zamani wajanja walitia hata unga wa mbao kwa kazi hiyo hiyo. Anayenunua gari iliyotumika afanye haki yake: amwage oili kidogo, aitazame.

Oili ya kupimwa kwa lita kutoka kwenye pipa ina kasoro mbili. Hujui imetoka wapi, na unaibeba ndani ya chupa ya soda au ya maji. Giaboksi nyingi za mkono za gari ndogo hunywa kama lita 2 tu, na Beetle ilikuwa ikichukua lita 2 na nusu wakati wa kubadilisha. Kwa kiasi hicho, kopo lililofungwa kiwandani, lenye jina, daraja na kifuniko chake, si gharama ya kukimbiwa.

Masika, milima na msimu wa karafuu

Watengenezaji wengi hutaja umbali kati ya kilomita 40,000 na 80,000 kabla ya kubadilisha, na gari inayofanya kazi ngumu hushauriwa isivuke ile namba ndogo. Pemba ina kila sababu ya kuhesabiwa kuwa kazi ngumu. Barabara zinapanda na kushuka, msimu wa karafuu gari ndogo hubebeshwa magunia na wachumaji, na masika yanapokolea kuna mahali tope linafika tumboni mwa gari. Giaboksi ina kitundu cha kupumulia. Ikiwa ya moto kisha ikatumbukia ghafla kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inajikusanya na kuvuta maji kwa kupitia kitundu hicho au kwenye sili zilizochoka.

Wavuvi wanaijua dalili yake kuliko madereva. Mashine ya boti nayo ina giaboksi ndogo kule chini kwenye rafadha, imejaa oili ya gia, na nahodha makini akifungua skrubu akaona oili imegeuka kama chai ya maziwa, anajua maji ya bahari yameingia na sili imekwisha. Gari ni vivyo hivyo. Oili ikiwa na rangi ya maziwa haingoji kilomita. Inamwagwa siku hiyo, na aliyepita kwenye maji yenye chumvi asilaze gari wiki nzima kwanza.

Aliyenunua gari iliyotoka Japani, au kwa mtu asiyemjua, hana historia ya kutegemea. Abadilishe mara moja, aandike tarehe na kilomita kwenye karatasi, aibandike ndani ya boneti.

Bolti ya kujazia kwanza

Turudi chini ya mwembe, kwa kuwa ile picha ya mwanzo ina kosa ambalo wengi hawalioni. Gari imenyanyuliwa gurudumu moja. Giaboksi ya mkono hupimwa oili kwa tundu la kujazia: oili ikifika ukingo wa tundu na kuanza kuchuruzika, imetosha. Gari ikiwa imeinama upande, kipimo hicho ni uongo. Ama itajaa kupita kiasi na kusukuma sili, au itapungua na gia za juu zibaki kavu. Gari inatakiwa iwe sawa pande zote nne.

Na kuna la hatari zaidi. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kushikilia. Udongo wa uani ukilowa, jeki inazama au inateleza, na aliyelala chini hana pa kukimbilia. Pana njia mbili za salama: kupandisha gari juu ya stendi za chuma zilizowekwa mahali pagumu, magurudumu yaliyobaki chini yakiwa yamezuiwa kwa mawe, au kumpelekea fundi mwenye shimo. Matofali ya saruji hayafai, hupasuka bila taarifa. Mtoto hatakiwi kuwa karibu kabisa, hata wa miaka kumi anayependa kushika tochi.

Gari iendeshwe kidogo kabla ya kazi ili oili iwe vuguvugu. Ikiwa baridi hutoka kwa shida na kuacha uchafu ndani, ikiwa ya moto sana inaunguza. Kisha fungua bolti ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Amri hii inaonekana ndogo mpaka siku utakapomwaga oili yote, ndipo ugundue bolti ya juu imeshika kutu na haifunguki, na kesho asubuhi kuna watoto wa kupelekwa skuli.

Bolti ya kumwagia mara nyingi ina sumaku kwenye ncha. Ikitoka na uji mweusi laini kama grisi, hayo ni masalio ya kawaida ya chuma kusagika. Ikitoka na vipande vinavyoshikika kwa vidole, kuna jino lililovunjika, na oili mpya haitaliponya. Chembe zinazong'aa rangi ya dhahabu ndani ya oili zinatoka kwenye zile pete za shaba. Futa bolti, badilisha wosha yake, ifunge, ndipo ujaze kwa tundu la juu hadi oili ichuruzike.

Otomatiki haifuati utaratibu huo. Ukimwaga, sehemu kubwa ya oili hubaki ndani, hivyo hujazwa kwa kiasi kile kile kilichotoka kisha hupimwa kwa kijiti, injini ikiwa inaunguruma na ina moto. CVT nyingi hazina kijiti kabisa na hupimwa kwa joto maalumu. Hiyo iachiwe fundi mwenye kifaa, bila aibu.

Vinywaji vya gereji

Sasa vile vyombo vilivyozunguka gari. Mafuta ya taa yanafanana na maji. Oili ya otomatiki ni nyekundu kama sharubati. Oili ya gia iliyochoka, ndani ya chupa ya soda, ni soda nyeusi, na ile iliyoingia maji ni chai ya maziwa. Mtoto kati ya mwaka mmoja na minne hasomi lebo. Anajua chupa, na chupa aliyoizoea siku zote imempa kitu kitamu.

Hapa wazazi wengi huogopa kitu kisicho chenyewe. Oili nyeusi, nzito na yenye harufu ndiyo inayotisha, lakini kwa sumu ya papo hapo si hiyo iliyo mbele. Kwa uzito wake, mtoto akiionja huitema, na kidogo kitakachomezwa huelekea tumboni, ambako kinaweza kuleta kichefuchefu na kuharisha. Anastahili kuonwa na daktari, ila hatari kubwa iko kwenye lile kopo dogo la kusafishia bolti.

Mafuta ya taa na petroli ni mepesi, hutambaa upesi. Mtoto akipiga funda, akashtuka na kupaliwa, mafuta huteleza kuingia njia ya hewa badala ya njia ya chakula. Kiasi kisichojaza kijiko cha chai kinatosha kudhuru. Yakifika mapafuni hutandaa, huondoa ule utando mwembamba unaovifanya vifuko vya hewa vibaki wazi, na mapafu huvimba kwa ndani. Mtoto anakufa kwa kukosa hewa, si kwa tumbo.

Ndiyo sababu jambo ambalo wengi hulifanya kwa upendo ndilo linaloua: kumtapisha. Kidole kooni, maji ya chumvi, yai bichi, vyote vinayarudisha mafuta kooni na kuyapa nafasi ya pili ya kuingia mapafuni. Maziwa hayazimui mafuta ya taa. Tui la nazi na maji ya dafu vivyo hivyo. Kumjaza tumbo kunamkaribisha kutapika.

Kinachotakiwa ni hiki. Mwondoe mtoto mahali pale, mfute mdomo, mvue nguo zilizolowa mafuta na umwoshe ngozi kwa maji na sabuni. Mafuta yakiingia machoni, yaoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 10 hadi 15. Kisha mbebe akiwa ameinuka, na akiwa amelegea hana fahamu mlaze kwa ubavu. Chukua na chupa yenyewe ili daktari ajue ni nini, kwa sababu maneno "amekunywa mafuta" hayamsaidii. Nenda kituo cha afya kilicho karibu au hospitali: Micheweni, Wete, Chake Chake, au Abdalla Mzee kwa walioko Mkoani. Wanaoishi Kojani, Fundo au Kisiwa Panza, ambako kuna bahari ya kuvuka, waanze safari bila kungojea dalili.

Dalili zenyewe ni kukohoa kusikokatika, kupumua haraka, mbavu kuingia ndani kila anapovuta pumzi, midomo kubadilika rangi, usingizi usio wa kawaida, baadaye homa. Kwa kawaida hujitokeza ndani ya saa 6. Mtoto anayecheza baada ya nusu saa hajavuka bado, na picha ya eksirei ikipigwa mapema mno inaweza kuonyesha kifua kizima. Kwa hiyo mzazi akiambiwa abaki wodini mtoto aangaliwe kwa saa kadhaa, asidhani anapuuzwa. Hakuna dawa ya kuyeyusha mafuta mapafuni. Matibabu makubwa ni hewa ya oksijeni na uangalizi wa karibu.

Kinga yake haina gharama. Oili mpya ibaki kwenye kopo lake. Mafuta ya kusafishia yawe kwenye kopo la bati pana lisilofanana na kikombe, na yafunikwe mara tu yanapoacha kutumika. Oili ya zamani iende kwenye dumu la oili, lenye kifuniko cha kuzungusha, siyo chupa ya maji hata kwa dakika mbili. Na watu wazima wakubaliane kwa sauti nani anamwangalia mtoto, kwa maana mtu aliyelala chini ya gari hamwangalii mtu.

Mikono na kisima

Mafundi wengi huosha mikono kwa petroli. Inatoa weusi upesi, kweli, na inatoa pia mafuta ya asili ya ngozi, ikabaki na mipasuko ambayo uchafu unaingilia. Mafuta kidogo ya kupikia pamoja na sukari, ukasugua, kisha sabuni, hufanya kazi ile ile bila kuumiza. Glavu ni bora zaidi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeziweka oili za madini zisizosafishwa vya kutosha katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na oili iliyokwisha kutumika, hasa ya injini, huzidi kubeba uchafu kila siku. Anayebadilisha oili mara moja kwa mwaka hana sababu ya kukosa usingizi. Wa kufikiriwa ni kijana wa miaka kumi na sita anayejifunza ufundi, viwiko vimelowa kutwa nzima, mwaka baada ya mwaka. Kama ni wako, mnunulie glavu. Baba naye avue fulana ya kazi kabla ya kumpakata mchanga.

Oili chafu ina wateja wake: kuna wanaoipaka kwenye nguzo kuzuia mchwa, kuna wanaowashia moto. Nguzo ya boma la nje, mbali na mikono ya watoto, si sawa na mlango wa chumba au tendegu la kitanda. Moto wake usipikiwe, kwani moshi hubeba metali na masizi. Na isimwagwe chini. Upande wa Micheweni na kwingineko kwenye ardhi ya maweni, mawe yana nyufa, na kilichomwagwa juu hushuka chini kuelekea maji ambayo kesho yatachotwa kisimani. Gereji zinazokusanya oili kwenye mapipa mara nyingi hupokea na ya wengine, mradi haikuchanganywa na petroli. Uliza kabla ya kufungua bolti, si baada ya beseni kujaa.

Usiku wa kwanza baada ya kazi, tandika kipande cha boksi la karatasi chini ya giaboksi. Asubuhi kitazame kabla ya kuwasha gari. Tone jekundu limetoka kwenye otomatiki. Tone zito la rangi ya asali limetoka kwenye gia za mkono, na pengine ni wosha ya zamani iliyorudishwa. Kaza bolti kwa kiasi, futa, tandika boksi jingine, na urudie kutazama kwa muda wa wiki moja.